Mzee Aliyekuwa na Ramani Kichwani: maneno yangu kwa waongoza wageni kuhusu Jim Bridger

(Mliokosa kikao cha Jumamosi, hii hapa yote kama nilivyoongea, nimeitoa kwenye rekodi ya simu. Picha nilizorusha ukutani sijaweka, na projekta yenyewe waliokuwepo wanajua ilivyotutesa.)

Wazee wangu shikamooni. Vijana, mambo? Nyie mliokaa nyuma karibu na mlango wa jikoni sogeeni huku mbele, chai italetwa, haikimbii.

Mwenyekiti aliniomba niongee kuhusu huduma bora kwa mgeni. Nikamwambia mwenyekiti, jamani hiyo kila msimu tunaisikia, mpaka wagumu, wabeba mizigo wetu, wanaoanza kazi leo wanaijua kwa kichwa, mwaka huu niache niwasimulie habari za mtu mmoja. Huyu mtu alifanya kazi yetu hii hii, miaka 200 iliyopita, kwenye milima ya Rocky huko Marekani. Alifanya bila leseni, bila buti za maana, bila redio, na alikuwa hajui kusoma wala kuandika hata jina lake mwenyewe, akitakiwa kusaini anaweka alama ya X. Anaitwa Jim Bridger. Alikuwa mtega wanyama, halafu akawa skauti wa jeshi, na nikisema skauti msianze kufikiria wale wa skafu shingoni na gwaride la Uhuru. Skauti wa kule ni mtu anayetangulia mbele ya msafara, anaangalia nyayo, anaangalia moshi, anarudi kuwaambia wenzake pitieni huku, kule kuna kifo.

Swali langu kabla sijaendelea. Humu ndani nani anaweza kunichorea njia yote, kuanzia geti mpaka kileleni, kila kijito, kila jiwe la kupumzikia, bila kufungua simu? Mikono juu. Sawa. Mikono minne, na mmoja naujua unadanganya. (kicheko)

Bridger alikuwa anachukua kaa la moto lililozimika, anatandika ngozi ya nyati chini, anakuchorea nchi. Na nikisema nchi, chukua Tanzania nzima uiweke hapo na nafasi inabaki. Mito yote, mapito yote ya milimani, mahali pa majani ya farasi, mahali pa maji machungu. Maafisa wa jeshi waliosoma vyuo walikuwa wanainama juu ya ile ngozi na kunakili.

Alijua njia. Kusoma hakujua. Hilo lishikeni, tutarudi kwake.

Alizaliwa Richmond, Virginia, tarehe 17 Machi 1804, familia ikahamia karibu na St. Louis, na enzi hizo St. Louis ndo ilikuwa ukingo, ukivuka pale umeingia nchi za watu wengine, Wasioux, Wacrow, Wablackfeet, Washoshone, watu wenye mipaka yao na vita vyao na biashara zao. Hajafika hata miaka 14 baba hayupo, mama hayupo. Mtoto akapelekwa kwa mhunzi afundishwe kufua chuma. Basi 1822 likatoka tangazo gazetini, Jenerali Ashley anatafuta vijana 100 wa kupanda mto Missouri mpaka unakoanzia, kazi ya mwaka mmoja, miwili au mitatu. Bridger ana miaka 18 na gazeti kwake ni karatasi tu ya kufungia kitu, lazima kuna mtu alimsomea. Mimi huwa namfikiria huyo mtu aliyesoma. Angesema tu leo hakuna habari, mambo yangeishia hapo.

Walikuwa wanafuata nini huko? Beva. Beva ni mnyama wa majini, mkia bapa kama kafi, anaangusha miti kwa meno na kujenga bwawa. Manyoya yake ya ndani, yale mafupi laini, ndo yalikuwa yanatengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya na miji ya Marekani. Yaani kijana anaingia kwenye maji ya barafu mpaka mapajani alfajiri, anatega mtego wa chuma, anapaka kijiti mafuta ya tezi ya beva mwenyewe ili beva mwingine aje kunusa, halafu bwana mmoja London anavaa kofia anakwenda kanisani. Kiangazi wanakutana wote bondeni, mabepari wanakuja na misafara ya nyumbu, wanachukua ngozi, wanauza baruti na kahawa na pombe kwa bei ya milimani, na mtu aliyefanya kazi mwaka mzima anarudi porini na deni. Tunawajua watu wa namna hiyo na bahasha za tipu, sitaji mtu. (kicheko)

Sasa stori ya kwanza, na hii inamwonyesha vibaya, naianza makusudi. 1823. Kuna mwenzao anaitwa Hugh Glass, mtu mzima, kwenye vichaka vya mto Grand anakutana na dubu jike mwenye watoto. Dubu akamchana. Mgongo, mkono, shingo. Wenzake wakajua huyu hafiki kesho. Lakini kesho ikafika, naye anapumua. Mkuu wa msafara akasema wabaki watu wawili wamngoje afe, wamzike, watapewa pesa kidogo ya ziada. Akabaki mtu mzima mmoja, Fitzgerald, na kijana. Siku zikapita, mgonjwa hafi, na maadui wako karibu. Wakachukua bunduki yake, kisu chake, wakaondoka. Walipowakuta wenzao wakasema tumeshamzika.

Hajafa. Akatambaa, akala mizizi, akala mzoga walioacha mbwa mwitu, akafika kwenye ngome mtoni, zaidi ya maili 200. Halafu akawatafuta. Alipompata yule kijana akamsamehe kwa sababu ya umri. Fitzgerald alikuwa ameshajiunga na jeshi, hakuweza kumgusa, akarudishiwa bunduki yake tu.

Yule kijana, wengi wanasema, ni Jim Bridger. Masimulizi ya mwanzo hayataji jina, jina lilikuja baadaye, na watu wa historia wanabishana mpaka leo. Lakini hebu tuache ubishi wao. Nyinyi mmewahi kukaa na mgonjwa juu huko, usiku, upepo unapiga, mapafu yamejaa maji, na mwenzako mkubwa kwa umri anakwambia dogo tushuke, huyu amekwisha? Umri miaka 19. Ungesemaje? Msinijibu mimi. Mimi nimewahi kuulizwa hivyo na sijasahau sauti ya aliyeniuliza.

Stori ya pili. 1832 Bridger anapigana na Wablackfeet, anachomwa mishale mgongoni. Mmoja ukatoka, wa pili ukavunjika, chembe ya chuma ikabaki ndani. Akatembea nayo karibu miaka mitatu. Anatega beva nayo. Analala nayo. 1835 kwenye ule mnada wa kiangazi, mto Green, akatokea daktari mmisionari, Marcus Whitman, akamkata mgongo mbele ya watu wote, wazungu na wenyeji wamezunguka wanaangalia, na mjue dawa ya ganzi bado ilikuwa haijaingia kwenye tiba. Chuma kikatoka, urefu wa inchi tatu, ncha imejikunja kwa kugonga mfupa, na gegedu limeshaota juu yake. Daktari akashangaa, hii kitu mbona haikuoza? Bridger akamjibu kwamba nyama milimani haiozi.

Mnacheka. Watu wote wanacheka hapo, na wanaosimulia maisha ya Bridger huwa wanafunga hapo hapo kwenye kicheko wanaenda ukurasa mwingine. Mimi nataka twende na huyo daktari kidogo.

Bridger alioa binti wa Waflathead, akazaa naye mtoto wa kike, Mary Ann. Baba hakusoma, lakini anajua kutokusoma kumemgharimu, akasema huyu wangu atasoma. Akampeleka wapi? Kwa Whitman. Kwa yule yule aliyemtoa chuma mgongoni, misheni yake ilikuwa Waiilatpu, karibu na hapo panapoitwa Walla Walla sasa. Mtoto mdogo. Misafara ya wahamiaji ikawa inapita pale kila mwaka, na 1847 wakaja na surua. Watoto wa wazungu wanaumwa wanapona, watoto wa Wacayuse, wenyeji wa pale, wanaumwa wanakufa, na daktari anatibu wote. Wacayuse wakaona huyu anatuua. Tarehe 29 Novemba 1847 wakamuua Whitman na mkewe na wengine kumi na moja. Mary Ann Bridger alikuwepo. Akatekwa pamoja na wengine, wakakombolewa, hakupita muda akafa.

Na barabara waliyopitia wale wahamiaji wenye surua, njiani kulikuwa na kituo cha kupumzika, kutengeneza magurudumu na kununua farasi. Kituo kile kilikuwa cha nani?

Chake.

Biashara ya beva ilikuwa imekufa. Ulaya walihamia kofia za hariri, na beva wenyewe mitoni walikuwa wamekwisha, maana hawa vijana walitega mpaka wa mwisho. Bridger akaangalia barabara, akaona magari ya kukokotwa na maksai yanaanza kupita kwenda Oregon, na 1843 yeye na mwenzake Louis Vasquez wakajenga ngome ndogo kwenye kijito cha Blacks Fork, na ndani wakaweka kiwanda cha uhunzi. Yule mtoto wa nyundo karudi kwenye nyundo. Akaandikisha barua kwa mfanyabiashara wa St. Louis akimweleza kwamba hawa wahamiaji wanatoka kwao na pesa, ila wakifika hapa wanahitaji kila kitu. Hesabu safi kabisa. Ndo hesabu ya kila mwenye duka pale getini.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. 1844 ikafunguka njia nyingine ya mkato upande wa kaskazini na magari yakaanza kukipita kituo bila kusimama. Halafu 1846 kuna bwana mmoja, Hastings, anatangaza njia yake mpya ya kwenda California, na ile inapita mlangoni kwa Bridger. Msafara wa kina Donner na Reed ukafika, watu na watoto wao, wakauliza, njia hii ikoje? Wakaambiwa ni nzuri. Reed akaandika barua ya kuwasifia Bridger na Vasquez, kwamba ni watu waungwana. Kumbe mwandishi mmoja, Edwin Bryant, alikuwa ametangulia, akaiona ile njia, akaacha barua pale kituoni kuwaonya msipite huku na magari. Reed baadaye alisema barua hiyo hakupewa.

Walipita. Milima ya Wasatch ikawachelewesha, jangwa la chumvi likawala maksai, wakafika Sierra Nevada theluji imeshafunga. Watu 87, karibu nusu wakafa, na waliobaki baadhi yao walikula maiti za wenzao.

Watetezi wa Bridger wanasema labda hakujua hali ya ile njia. Jamani. Mtu anayechora nusu ya bara kwa mkaa kwenye ngozi? Mimi nasema alijua kiasi cha kutosha kusema "mimi magari sijawahi kuona yakipita hapo", maneno hayo machache tu, na hakuyasema. Alijua njia, akanyamaza, kwa sababu ya duka. Hii ndo sehemu ya habari yake iliyonifanya nikatae kuongea kuhusu huduma bora leo. Mgeni anakuuliza, hali ya hewa kesho ikoje, mimi nikohoe hivi niendelee? Na wewe unajua akigeuka leo, bahasha inapungua.

Haya, tupumue. Niwape uongo wake, maana alikuwa na uongo mtamu sana, mpaka leo Wamarekani wanamkumbuka kwa huo kuliko kwa lingine lolote.

Alikuwa anakaa na wageni usiku kwenye moto, wamevaa nadhifu wametoka mashariki, anawaambia kuna bonde nalijua, lote limegeuka jiwe. Miti ya jiwe, majani ya jiwe, ndege wa jiwe wanaimba nyimbo za jiwe. Anawaambia kuna mlima ni mkubwa na uko mbali kiasi kwamba ukipiga kelele "amkeni" wakati wa kulala, mwangwi unarudi asubuhi, ndo saa yake ya kengele. Na ile ya kufukuzwa na mashujaa wa Kicheyenne, anakimbia na farasi, korongo linazidi kubana, mbele ukuta, nyuma mishale, anaishia hapo anawasha kiko. Mgeni anashindwa kuvumilia, sasa ukafanyaje? Mzee anasema, wakaniua.

(Hapa ilibidi ningoje, mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa chai.)

Lakini mtu huyo huyo alikuwa anawaambia, kuna mahali maji yanatoka ardhini yanachemka, yanaruka juu kama mti mrefu. Kuna mlima wa kioo cheusi. Kuna kijito juu ya mgongo wa milima kinagawanyika mara mbili, maji ya huku yanakwenda bahari ya Atlantiki na ya huku Pasifiki, samaki anaweza kuvuka bara zima kwa kuogelea. Wakacheka vile vile. Mhariri mmoja wa gazeti alikataa kuchapa habari hizo, ataonekana kichaa. Kapteni Raynolds wa jeshi aliyeongozwa naye 1860 aliziweka kwenye kundi la porojo, ingawa chemchemi za moto aliziamini. Huyo Raynolds alitaka wakatize milima wakaone wenyewe, Bridger akamwambia hapo hata ndege hawezi kuvuka asipobeba chakula chake. Kapteni akadhani ni utani mwingine. Wakakuta theluji, wakageuza.

Na mahali penyewe papo. Ni Yellowstone. Maji yanaruka kweli, kioo cheusi kipo, kijito kinachogawanyika kipo, kusini kidogo ya hapo, na kinakwenda bahari mbili kweli. Tarehe 1 Machi 1872 serikali ya Marekani ikapafanya hifadhi ya taifa, ya kwanza. Mzee yuko hai, macho yanaanza kufifia.

Alijua njia, hawakumwamini. Na kosa lilikuwa la nani? Mimi nasema nusu kwa nusu. Wao walimdharau kwa sababu ya X yake na nguo za ngozi. Yeye naye alishawazoesha ndege wa jiwe. Wale mnaowaambia wageni kwamba chui yule wa hadithi ya Hemingway, aliyekauka karibu na kilele cha Kilimanjaro, mlimwona wenyewe, mnanisikia? (kicheko kirefu)

Kusoma hakujua, nilisema tutarudi. Inasimuliwa kwamba uzeeni, akiwa anaongozea jeshi, alisikia kuna mtu aliandika kitabu bora kuliko vyote, akaambiwa ni Shakespeare. Akaenda barabarani, akasimamisha misafara akiuliza nani ana hicho kitabu, akakinunua kwa jozi ya maksai. Maksai wawili wazima! Halafu akaajiri kijana amsomee, dola 40 kwa mwezi. Akashika kurasa na kurasa kwa kichwa, anazitamka na matusi yake katikati, watu hawajui Shakespeare ameishia wapi na Bridger ameanzia wapi. Walipofika kwenye Richard III, ule ukatili wa kuua ndugu, akasema imetosha, kitabu motoni.

Upande wa jeshi nitaupitia haraka, ni mrefu na unachosha. Miaka ya 1860 mwanzoni dhahabu ilipatikana Montana, watu wakawa wanakatiza katikati ya mbuga za kuwindia za Walakota na Wacheyenne. 1864 Bridger akafungua njia nyingine magharibi ya milima ya Bighorn, ndefu kidogo lakini haiwapitishi watu kwenye nyumba ya mwenyewe. Watu wengi wakataka ile fupi, na jeshi likaja kuilinda kwa ngome. Akawaonya maafisa, vijana waliotoka kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe na majimbo ya kusini, kwamba hawa hamwajui. Tarehe 21 Desemba 1866 Kapteni Fetterman akafukuza wapiganaji wachache waliojifanya wanakimbia, akavuka kilima alichokatazwa. Watu 81, hakurudi hata mmoja.

Mtaniuliza, huyu alikuwa upande gani? Ameoa Mflathead, akafa. Ameoa wa kabila la Ute, akafa kwa uzazi. Ameoa Mshoshone. Watoto wake wote ni wa damu ya wenyeji, na kila njia aliyoonyesha iliwaleta watu waliowanyang'anya wajomba wa watoto wake ardhi. Alijua lugha zao, akawatafsiria kwenye mikataba ambayo serikali ilikuja kuivunja. Sina jibu zuri la kuwapa hapo. Na yeye mwenyewe hakupona: Wamormoni, watu wa dhehebu lililohamia Utah, walimfukuza kituoni kwake 1853, jeshi likaja likakikodi, kodi akaidai serikalini mpaka anakufa hajaiona.

Mwishoni alirudi Missouri, shamba dogo Westport. Baridi ya maji ya beva imeingia kwenye viungo, tezi shingoni, macho yameondoka kabisa. Binti yake Virginia ndo alimlea. Alimtafutia farasi mpole mzee, Ruff, apande azunguke maeneo yale, na mbwa wake Sultan anafuatana nao. Saa zingine mzee anapotea. Mtu aliyechora nchi nzima kwa mkaa anapotea kwenye shamba lake mwenyewe, farasi anaingia porini, na mbwa anarudi nyumbani kubweka mpaka Virginia anatoka kumtafuta baba yake.

Ngano ilipoanza kukua alikuwa anataka kujua imefika wapi. Kuiona hawezi. Binti yake alisimulia kwamba alikuwa anashuka, anapiga magoti pale shambani, anatambaa, anapapasa ngano kwa mikono apime urefu wake. Na alikuwa anasema anatamani arudi milimani, eti kule mtu unaona mbali zaidi.

Alikufa tarehe 17 Julai 1881, miaka 77.

Chai hiyo imefika. Wenye maswali tukutane pale nje, na yule aliyenyoosha mkono wa nne aje na mkaa.